Picha za treni za mfano: teremsha kamera kwanza

Kila ukilalamika kwamba treni yako kwenye picha inaonekana mwanasesere, jibu ni lile lile: nunua kamera kubwa. Nimechoka nalo. Picha ninayojivunia kuliko zote niliipiga kwa simu.

Treni zangu ni za kipimo cha HO, yaani 1:87: kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko cha kweli. Mtu wa mita 1.7 hapo hafiki hata sentimita 2, kwa hiyo lenzi nayo ikae urefu huo. Tatizo ni kwamba kamera ya simu iko upande wa juu. Ukiisimamisha simu kawaida, lenzi inabaki kama sentimita 13 juu ya reli, na kwa kipimo hicho ni mita 11: unaitazama stesheni kutoka ghorofani. Mimi huigeuza simu kichwa chini, lenzi ikashuka mpaka karibu na kokoto. Papo hapo kichwa cha treni kinakuinukia mbele yako, kizito, cha chuma.

Kamera kubwa ninayo pia, na ina ukaidi wake. Ikisogezwa karibu, taa ya mbele inatoka safi lakini behewa la tatu limeyeyuka, na jicho linajua mara moja kwamba kitu hiki ni kidogo. Nikashauriwa nibane tundu la lenzi hadi f/22 (namba ikikua, tundu linapungua). Nikabana. Ukungu wa nyuma ukapungua kweli, ila picha nzima ikalegea, kwa sababu mwanga ukipita kwenye tundu dogo mno hutawanyika. Ribiti za boila, vile vichwa vya misumari kwenye tangi la mvuke, nilizozipaka rangi kwa subira, zikafutika!

Kilichoniokoa ni kupiga picha nyingi za mandhari ile ile. Kamera naifunga kwenye tripodi, tundu f/8, taa haiguswi. Naanza fokasi kwenye bafa ya mbele, kile kikingio kwenye pua ya treni, nasogeza kidogo, napiga, nasogeza tena, hadi mlima wa nyuma. Kisha programu inaokota sehemu iliyo wazi kabisa ya kila picha na kuziunganisha. Mara ya kwanza kuona ribiti, mataruma na kilima vyote vimekaa wazi pamoja, nilipiga kelele peke yangu chumbani. Meza isitikisike tu, na pamba ninayoiweka iwe moshi isiguswe na upepo.

Taa iwe moja, na iwe mbali. Jua ni moja. Nguzo yenye vivuli viwili inaumbua kila kitu. Pazia lenye picha ya anga lisogezwe nyuma, kivuli cha mti kisiangukie mawinguni. Ubavu wa reli upakwe rangi ya kutu, ila juu paachwe pang'ae, maana ndipo magurudumu yanapopita.

Na kabla hujaitoa kamera kwenye tripodi, ikuze picha kwenye skrini uikague kona kwa kona. Unywele mmoja wa brashi ukilala juu ya reli hugeuka kamba nene, na kamera ikishaondolewa huwezi kuirudisha pale pale.