Jinsi nilivyoacha kula pipi na visheti vya watoto baada ya Idi

Kila Idi wanangu hurudi na mifuko ya pipi, ubuyu na kashata, nami huwapikia visheti. Wakishalala, mkono wangu ndio unaoamka. Mwaka huu nilifika visheti kumi kwa usiku mmoja.

Nilivificha juu ya kabati, lakini aliyeficha ndiye ajuaye palipo. Nikajikaza tu, siku mbili.

Siku ya tatu niliwaita watoto tukahesabu pamoja. Tukaviweka kwenye kopo la maziwa ya unga, si chupa ya kioo kama zamani, maana kinachoonekana kinaita. Kilichonisaidia hasa ni karatasi: binti yangu wa miaka 7 aliandika idadi, akaibandika kwenye kifuniko. Kila mchana baada ya kula wanatoa kimoja kimoja, anakata namba ya zamani na kuandika mpya.

Usiku ule nilifungua kabati nikaona 43, kwa mwandiko wake uliopinda. Nikafunga. Sikuwa na moyo wa kumharibia hesabu.

Fungu langu nimelitenga: kisheti kimoja alasiri, kwa kahawa chungu, nikiwa nimekaa. Leo siku ya 12, na hesabu yake haijakosea.