Nimerudi Malindi, na Moyale haitajwi

Nimerudi nyumbani baada ya miaka mingi Doha, na kila ninayekutana naye ananiuliza mji nimeuonaje. Umekua, mashaallah. Casuarina ni majumba tu, na vijana wa ufukweni wanakimwaga Kiitaliano. Sina neno na wageni hao Waitaliano. Tangu mwaka 1967 waliporusha setilaiti kutoka Ngomeni tumekuwa majirani, na wengi hapa wamesomesha watoto kwa kazi walizopata kwao.

Nilichokikosa barazani kwetu Shela ni habari za Vita vya Pili vya Dunia, mwaka 1940, za hapa Malindi na za Moyale, kule mpakani na Uhabeshi (Ethiopia). Wazee waliozijua wametangulia mbele ya haki, na vijana niliowauliza hawana habari kwamba ndege za Italia ziliwahi kuupiga mabomu mji huu huu. Bibi yangu alikuwa akisita kukuna nazi, mbuzi bado ameikalia, akatuonyesha kwa mikono alivyojisukuma uvunguni mwa kitanda cha kamba aliposikia mlio.

Italia iliingia vitani tarehe 10 Juni 1940. Uhabeshi ilikuwa imekwisha kuutwaa, Somalia ni koloni lake, kwa hiyo mpaka wetu wa kaskazini na mashariki ukawa uso kwa uso na jeshi lake. Moyale mpaka ulipita katikati: huku ngome ndogo ya Waingereza, kule Waitaliano. Julai wakaizingira. Ndani walikuwamo askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Waingereza lililoandikisha Waafrika, batalioni ya kwanza, iliyoandikisha watu wake Nyasaland, ndiyo Malawi ya leo. Hebu fikirieni, kijana wa kando ya Ziwa Nyasa, vita si vyake wala nchi si yake, mizinga inamwangukia na maji yanakwisha. Usiku wa kuamkia tarehe 15 wakatoka gizani, wakapenya katikati ya waliowazingira. Mji haukukombolewa hadi Februari 1941.

Mapigano ya wiki mbili hivi, ndiyo maana hupitwa haraka. Mimi naona hayapitwi. Waliosimama pale walikuwa Waafrika, na watoto wetu wanastahili kuwajua kabla hawajamaliza shule.

Mwenye babu aliyevaa sare ya KAR, au nyanya aliyesimulia mabomu ya Malindi, naomba aje Shela Ijumaa baada ya Alasiri. Tutarekodi kwa simu. Mwenye picha aje nayo, hata kama imechanika.