Silabi juu ya tailizi: kumbukumbu ya kuwafundisha watoto wawili kusoma hapa Nkuhungu, Dodoma

Januari

Mradi huu umezaliwa na kadi moja yenye "bo". Binti yangu ana miaka mitano, yuko darasa la awali, na ule wimbo wa ba be bi bo bu anauimba mpaka wapangaji wenzetu wanaitikia. Siku moja nikamwonyesha "bo" peke yake. Akanyamaza, akainamia vidole vyake: ba, be, bi... bo! Jibu ni sahihi, ila hakuisoma. Aliitafuta ndani ya wimbo.

Mwanafunzi wa pili ni mpwa wangu, miaka sita, anayekaa nasi tangu dada ahamishiwe kikazi Mpwapwa. Huyu katoka inglishi midiamu na tatizo lake ni kinyume kabisa. Herufi zote anazijua, lakini kwa majina ya Kiingereza. Akiona "i" anasema "ai", akiona "e" anasema "ii". Mpe neno "sisi" uone jasho linavyomtoka.

Lengo nimeliandika nyuma ya daftari la mauzo: kila mmoja achukue neno ambalo hajawahi kuliona, aunganishe sauti zake mwenyewe, alisome. Kukariri hakuhesabiwi.

Sina ugomvi na shule. Tangu 2015 madarasa ya kwanza na ya pili nchini yamejengwa juu ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na habari za sauti na herufi mwalimu wa binti yangu anazijua kuliko mimi. Ila darasa limejaa, na watoto wakiitikia kwa pamoja, asiyejua hujificha humo humo. Nyumbani wako wawili, hakuna pa kujificha.

Vifaa: nauza duka la vifaa vya ujenzi, kwa hiyo nimebeba vipande vya tailizi nyeupe vilivyovunjika kwenye boksi, nikasugua kingo kwa msasa. Makapeni ya ubao mweupe inaandika juu yake na kufutika kwa kitambaa. Mbao za kuandikia zisizoisha, gharama yake makapeni tu.

Bado Januari, mpangilio wa sauti

Hapa nilikaa muda mrefu. Mafunzo mengi ya kusoma kwa sauti yaliyoko mtandaoni ni ya Kiingereza, na mengi huanza na s, a, t, p, i, n, kwa kuwa herufi hizo hutoa haraka maneno mafupi ya lugha ile. Sisi maneno yetu hayaishii kwenye konsonanti. Kuubeba mpangilio ule mzima mzima ni kufuata njia ya mtu anayekwenda kwingine.

Nimeanza na a, i, u, kisha m, s, l, n. Irabu e na o zitakuja baadaye, maana e na i zikifundishwa siku moja huchanganywa, na o na u vilevile. Konsonanti nimezichagua kwa sababu moja: zinavutika. Unaweza kusema mmmmm mpaka pumzi ikate, kisha ukatumbukia kwenye a bila kusimama: mmmaa. Mtoto anasikia kabisa jinsi sauti mbili zinavyokuwa silabi moja. Herufi t haivutiki. Ukitaka kuitamka peke yake utajikuta umesema "ti" au "tu", na mtoto aliyeambiwa kuwa t ni "tu" atasoma "ta" kama "tua". Nimewasikia watoto wa jirani wakisoma hivyo hivyo, na hawakosei. Wanafuata walichoambiwa.

Herufi hizo saba zina mali nyingi kuliko nilivyodhani. Mama, lala, sisi, simu, lima, asali, nanasi, salamu, nunua. Na Kiswahili kwa kuwa kinajenga maneno kwa kubandika vipande, mtoto anayejua herufi saba anasoma "anasimama" na "anasimulia". Mpwa wangu alipomaliza "a-na-si-mu-li-a" aliitazama tailizi kwa mashaka, kana kwamba neno refu namna ile lilikuwa na mtego.

Kwa huyu wa ei-bii-sii kuna sheria ya ziada: katika chumba hiki herufi hazina majina, zina sauti tu. Majina atayakuta shuleni. Kiswahili kimemrahisishia jambo moja: irabu zake tano hazibadiliki popote zinapokaa, kwa hiyo akishaachana na "ai" ameachana nayo.

Februari

Zamu ya b, t, k, d, p. Njia iliyofaa ni kuanzia silabi wanayoijua. Naandika "ma", wanasoma. Nafuta m, naweka b. Nawaambia mdomo ukae tayari kwa b, midomo imefumbwa, lakini wasitoe sauti yoyote mpaka a ifike. Ba. Binti alicheka sana siku hiyo kwa sababu mashavu yanavimba. Baada ya hapo t na k zilikwenda haraka, na "zabibu" ikasomeka, jambo la lazima kwa mtoto wa Dodoma.

Sasa kuhusu maneno ya uongo. Uingereza, tangu 2012, watoto wa darasa la kwanza hupimwa kwa kusomeshwa maneno 40, na nusu yake ni ya kubuni, hayana maana yoyote. Mantiki yake nimeipenda: neno lisilokuwepo huwezi kulikisia wala kulikariri, huna budi kulisoma. Nikaanza kuwaandikia "lemozi", "nafulu", "sunafi", "tanibo". Hapo ndipo mama yangu, aliyekuja kutoka Mvumi kutibiwa macho, alipoingilia kati.

"Baba, hawa watoto unawafundisha kusoma au uganga?"

Mama alijifunza kusoma kwenye kisomo cha watu wazima. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na katika miaka iliyofuata akina mama wengi wa vijijini waliingia darasani wakiwa na watoto mgongoni. Yeye alisoma kwa ba be bi bo bu. "Na barua za marehemu baba yako nilizisoma mwenyewe, hakuna aliyenisomea." Huwezi kubishana na hilo, na kwa kweli ana haki. Kiswahili kinakwenda kwa silabi, na mtu atakayedharau silabi kwa kuwa kasoma habari za Ulaya anajisumbua bure. Ninachokataa ni wimbo wenye mpangilio usiobadilika. Tukakubaliana: chati ya silabi ibaki ukutani, ila yeye ndiye ataonyesha, kwa mwiko, na asifuate mstari. Anaruka kutoka "ke" hadi "nu" hadi "po". Amekuwa mkali kuliko mimi. Akiona mtoto anahesabu vidole anagonga meza.

Machi

Mwezi wa m.

Walikuwa wameshazoea kwamba konsonanti hungoja irabu yake. Halafu ikaja "mtu", na binti akasoma "mutu". Mantiki yake haina kasoro. Tukaingia kwenye makofi: kila silabi kofi moja. M-tu, mawili. M-ta-ma, matatu. M-le-nda, matatu. M-ka-te, matatu. Waligundua wenyewe kwamba m ina kofi lake.

Kisha mpwa akauliza swali zuri kuliko yote ya mwaka huu: kwa nini "mbu" na "mbuzi" zina makofi sawa? Kweli, zote mawili. Mbu-zi, lakini m-bu. Sababu ni kwamba Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, na "mbu" ina irabu moja tu, kwa hiyo m inalazimika kusimama kama silabi ili mkazo upate pa kukaa. Ndivyo ilivyo kwa m-bwa, n-chi, n-ne, n-ge. Kwa watoto nimesema tu: neno likiwa fupi mno, m au n hujitegemea. Kuna tofauti nyingine kati ya "mtu mbaya" na "habari mbaya" (m-ba-ya kwa mtu, mba-ya kwa habari), hiyo nimeificha mpaka wafike sekondari.

Mazoezi ya mb, nd, nj, kw, ny yalimalizwa na bibi yao. Kila asubuhi huwasalimu Kigogo, "Mbukwenyi!", nao huitikia bila kufikiri. Niliandika neno hilo kwenye tailizi, nikaliweka kando ya birika la chai. Mbu-kwe-nyi. Binti alilisoma taratibu, akarudia, kisha akamgeukia bibi yake, "Bibi, hili ni lako!" Mama akataka lisifutwe. Tailizi hiyo haijarudi kwenye rundo, na mimi nimebakiwa na pungufu.

Aprili

Ng na ng'. Hapa Dodoma inasaidia, kwa kuwa tuna Chang'ombe. Ngoma, ngano, nguo upande mmoja. Ng'ombe, ng'oa, Chang'ombe upande wa pili. Zoezi la ng' hufanyika puani: bana pua ujaribu kusema ng'o, sauti inakwama. Tatizo lipo barabarani. Daladala nyingine zimeandikwa "Changombe" bila ile alama ya ng', na mpwa wangu sasa anazisahihisha kwa sauti tukiwa kituoni. Kondakta mmoja alimwambia apande kwanza ndiyo asahihishe.

Ng'hong'onha, ile kata ya upande wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), tumeiweka kiporo. Tahajia ile ina h za Kigogo ambazo Kiswahili hakina, na mama peke yake ndiye anayeitamka inavyostahili.

Mei

Kuandika kumeanza kwa nguvu zao wenyewe. Wanaandika wanachosikia, na wanachosikia ni sisi. Binti kaandika "zahabu" na "selasini". Hakuna aliyemwambia vibaya. Nyumbani kwetu hakuna mtu anayesema dh wala th, watu wa bara wengi tunazipitia kwenye z na s. Nikimwambia "umekosea, andika dhahabu", atauliza hiyo sauti iko wapi, na mimi mwenyewe nitalazimika kuuma ulimi kuitoa. Nimeamua kuzifundisha dh na th kama sauti za kigeni, ulimi kati ya meno mbele ya kioo, baadaye. Kwa sasa "zahabu" inapata alama ya vema, na mimi naandika "dhahabu" pembeni bila maneno.

Kwenye r na l sitakuwa mpole hivyo, kwa sababu zinabadili maana. Kura na kula. Mahari na mahali. Jirani yetu alicheka alipoambiwa na mtoto wa miaka sita kwamba ametaja mahari ya kuegesha pikipiki.

Juni, likizo

Sehemu ngumu kuliko zote, na sikuisoma popote kwa uzito huu. Kiswahili kinasomeka upesi mno. Ukishajua sauti unaweza kutamka gazeti zima bila kuelewa chochote. Mpwa alisoma, "Ba-ba-a-me-nu-nu-a-sa-bu-ni-ya-u-nga", kila silabi uzito mmoja. Nikamuuliza, baba amenunua nini? "Sijui, haijaandikwa."

Dawa yetu: silabi zipitiwe kwa macho kwanza, kimya, kidole chini ya neno. Kisha neno lisemwe kama linavyosemwa jikoni, mkazo mahali pake. Sa-BU-ni. Mkazo ndio unaolifungua neno. Mtoto akiupatia, uso unabadilika, anatambua kuwa neno hilo analijua tangu zamani. Tena hadithi moja fupi tunairudia jioni kadhaa kabla ya kwenda nyingine, na swali langu la kwanza sasa ni la maana, si la matamshi.

Hadithi nazitoa kwenye tovuti ya African Storybook, ni bure na Kiswahili kipo. Maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania nayo ina vitabu vya madarasa ya chini.

Kuna anayeniuliza kila mara dukani kwa nini nisiwape programu ya simu. Zipo nzuri. Kule Tanga, shindano la Global Learning XPRIZE lilipeleka vishikwambi katika vijiji zaidi ya mia moja, na 2019 zawadi ikagawanywa kati ya watengenezaji wawili wa programu, onebillion na Kitkit School. Watoto walijifunza kusoma Kiswahili kwa mashine. Lakini mashine haiwezi kuchapwa mwiko na bibi, na simu yenyewe ndiyo hiyo moja ninayofanyia miamala ya duka.

Agosti, tulipo

Binti anasoma neno lolote lenye silabi wazi (zinazoishia na irabu), la kweli au la uongo. Mpwa anasoma aya nzima na anajibu maswali, ingawa "i" ya mwanzo wa sentensi ikiwa herufi kubwa bado inamtoa "ai" mara mojamoja.

Wote wawili wamekwama kwenye maneno yaliyoingia na konsonanti zake. "Daktari" wanasoma "dakatari". "Labda" inakuwa "labada". "Alhamisi" ilitoka "alahamisi", na bibi yao akasema mbona yeye ndivyo anavyosema. Nimekata tailizi ndogo za dak, lab, al, as, hos, nitazianza Jumatatu kwa as-ka-ri, maana s inavutika na itawapa muda wa kuifikia k.

Dada amepiga simu kutoka Mpwapwa anataka mtoto aanze kusoma Kiingereza. Nimemwomba asubiri mpaka tumalize hizi za konsonanti mbili. Baada ya hapo tutarudi kwenye s, a, t, p, i, n, na safari hiyo nitahitaji tailizi zaidi.