Siku moja maishani mwangu: banda la ng'ombe wa maziwa, Muak Lek

Saa kumi alfajiri

Saa hii tayari nimevaa buti. Huku Muak Lek, mkoa wa Saraburi, mwendo wa kama saa mbili kwa gari kutoka Bangkok ukielekea kaskazini mashariki, kila bonde lina mabanda ya ng'ombe, na alfajiri pampu za mashine za kukamulia huanza kuunguruma moja baada ya nyingine. Mimi ni mzaliwa wa Muheza, Tanga. Nilikuja kusoma chuo kikuu hapa hapa Muak Lek, nikaolewa na kijana wa kijiji cha jirani, na kwao ni wafugaji wa maziwa tangu enzi za babu yake. Ndugu zangu huniuliza kila mara huku tunaishije, tunakula nini, na ng'ombe wa Thailand wakoje. Basi leo ninaiandika siku moja ya kazi, ya katikati ya Mei, wiki ambayo shule zimefunguliwa na mvua za kwanza zimeanza kulainisha ardhi.

Ng'ombe tunaowakamua sasa ni 14. Mume wangu anawaingiza na kuwafunga, mimi naosha viwele na kuvikausha kwa kitambaa, kila ng'ombe na kitambaa chake. Kabla ya kuvisha vikombe vya mashine, nakamua kwa mkono michirizi miwili mitatu ya kwanza kwenye kikombe chenye kitako cheusi, niangalie kama kuna mabonge. Leo sikupenda nilivyomwona Bua, ng'ombe wetu mkubwa kuliko wote: robo moja ya kiwele ilikuwa na joto kuliko nyingine. Nikaleta kile kisahani chenye vishimo vinne, kila chuchu na kishimo chake, nikatia maziwa kidogo na dawa ya rangi ya zambarau, nikazungusha taratibu. Vishimo vitatu vilibaki majimaji. Cha nne kikavutika kama mlenda. Huo ndio ugonjwa wa kiwele unapoanza, kabla mabonge hayajaonekana kwenye maziwa. Maziwa ya Bua tukayakamulia kwenye ndoo ya pembeni. Hayaendi kituoni, na akishachomwa dawa hayataenda mpaka siku za kusubiri ziishe.

Mtamba mmoja naye tumemkuta anapanda wenzake na kulialia. Mume akaandika kwenye ubao ukutani: joto, alfajiri, yaani anataka kupandwa. Akionekana na joto alfajiri, mhimilishaji, yule mtaalamu wa kupandikiza mbegu za dume, anakuja jioni, na akionekana jioni, anakuja asubuhi. Utaratibu huu kwetu unajulikana, ila huku nimeona unafuatwa kwa sababu simu ya mhimilishaji inapokelewa na mwenyewe anafika.

Saa kumi na mbili asubuhi

Keni tatu zimejaa. Wakati mume anazipandisha kwenye pikapu, mama mkwe, ambaye namwita Mae kama watoto wake wanavyomwita, anasimama kando ya barabara na bakuli la wali wa moto. Watawa wa Kibudha wanapita peku, kimya, na bakuli zao. Mae anavua kandambili, anawatilia wali, anaongeza vifuko vya mchuzi na, siku nyingine, maboksi ya maziwa. Kisha anachuchumaa, wanamwombea. Mimi si wa dini yake, lakini huwa nasimama nyuma yake mpaka amalize. Ni mama wa nyumba hii, na asubuhi yake naiheshimu.

Saa moja asubuhi

Hapa ndipo nataka kukaa kidogo, kwa sababu kwangu hiki ndicho kiini cha ufugaji wa huku: kituo cha kukusanyia maziwa.

Pikapu na pikipiki zenye vibebeo zinapanga foleni. Kijana wa kituo anafungua keni, ananusa, anakoroga kwa upawa mrefu mpaka chini, anachota kidogo. Kwenye kichupa anachanganya maziwa na spiriti. Yakigandamana, keni inarudi nyumbani, hakuna mjadala. Yakipita, yanapimwa uzito kwa kilo na kumwagwa kwenye tangi la baridi linaloyashusha mpaka nyuzi 4. Sampuli nyingine inakwenda maabara kupimwa mafuta, vijidudu na seli za kiwele kinachoumwa, na majibu yake ndiyo yanayopandisha au kushusha malipo yako. Bei ya msingi huzidi baht 20, fedha ya huku, kwa kilo. Jirani mwenye ng'ombe watano na tajiri mwenye ng'ombe mia wanapimwa kwa upawa ule ule.

Nchi hii haikuwa ya wanywa maziwa. Mfalme Bhumibol alitembelea Denmark mwaka 1960, akavutiwa na mashamba ya ng'ombe aliyoyaona huko, na tarehe 16 Januari 1962 yeye na Mfalme Frederik wa 9 wa Denmark wakafungua pamoja shamba la Thai na Denmark hapa Muak Lek. Mwaka 1971 serikali ya Thailand ikalichukua na kuunda shirika la kuendeleza ufugaji wa ng'ombe wa maziwa. Maziwa yake yenye nembo ya ng'ombe mwekundu yapo madukani nchi nzima. Kila Januari wilaya yetu inajaa watu kwa tamasha la ng'ombe wa maziwa, na Januari 17 ni siku ya kitaifa ya ng'ombe hao. Babu wa mume wangu alikuwa mkulima wa mahindi. Alipewa mafunzo, akaanza na mitamba michache. Ukiuliza wazee kwa nini walithubutu kuingia kwenye mnyama wasiyemjua, hawakutajii uzuri wa ng'ombe. Wanakwambia kulikuwa na mahali pa kupeleka maziwa kila asubuhi.

Saa mbili asubuhi

Mwanetu yuko darasa la pili. Saa mbili kamili bendera inapanda, wimbo wa taifa unapigwa, na hata sokoni watu husimama. Baadaye kila mtoto anapata mililita 200 za maziwa bure. Mpango huu ulianza mwaka 1992, na unawahusu watoto wa chekechea mpaka darasa la sita. Wakati wa likizo hugawiwa maboksi ya kupeleka nyumbani. Mimi nauona ni uamuzi wa busara sana: mtoto anapata lishe, na mfugaji anapata soko lisiloyumba. Viwanda vinavyopata mgao wa maziwa ya shule vinatakiwa kuwa na mikataba ya kununua maziwa mabichi kwa wafugaji wa ndani, kwa hiyo sehemu kubwa ya kinachotoka kwenye mabanda yetu hurudi kwa watoto wetu wenyewe.

Hofu yetu ya sasa ni nyingine. Tangu Januari 2025 unga wa maziwa kutoka Australia na New Zealand unaingia bila ushuru kwa mikataba ya biashara huria. Foleni ya kituo imepungua, na waliobaki wengi ni watu wa umri wa baba mkwe.

Saa tatu asubuhi

Mae bado anahesabu saa kwa mtindo wa zamani, na saa tatu yake ya asubuhi ni saa tatu yetu sisi. Vijana wa huku saa hii wanaiita saa tisa, lakini kwa saa za asubuhi mimi na yeye hatujawahi kupishana.

Ni wakati wa majani. Shamba letu ni la matete aina ya Pakchong 1, na wafugaji wa Kenya watakaosoma maandishi haya wanayajua vizuri kwa jina la Super Napier. Yalizalishwa Pak Chong, wilaya tunayopakana nayo, kwa kuchanganya matete na uwele. Hayana vinyweleo vya kuwasha, yanachipua upesi, na ukiyakata yakiwa na siku 45 hadi 60 bado ni laini. Ukiyaacha yakakomaa yanapendeza machoni, marefu kuliko mtu, lakini ng'ombe anapata mabua tu. Tunayapitisha kwenye mashine ya kukatakata, tunachanganya na makapi ya mihogo kutoka viwanda vya wanga, kisha chakula cha kununua juu yake. Hicho cha kununua ndicho kinachotumaliza. Zaidi ya nusu ya fedha ya maziwa inaishia kwenye malisho.

Saa sita mchana

Jirani yetu ni mama aliyehamia kutoka Isan, ukanda wa kaskazini mashariki. Leo kaleta mayai ya wadudu wanaofanana kabisa na maji moto wetu, wale wanaoshona majani ya mwembe na kukuuma ukipita. Huku hungoja majira haya ya joto, wanatoboa kiota kwa upondo wenye kikapu, wanapepeta, wanabaki na mayai meupe yenye ladha ya uchachu. Mae kayapika mchuzi mwepesi na uyoga. Pembeni papai bichi lililotwangwa kwenye kinu na pilipili, kitunguu saumu, ndimu, kunde mbichi na mchuzi wa samaki, na wali wa kunata kwenye vikapu vidogo vya mianzi. Unafinyanga tonge kwa mkono wa kulia na kuchovya. Mtu wa kwetu hahitaji kufundishwa.

Mchana joto linafika nyuzi 37. Ng'ombe wetu wana damu nyingi ya Friziani, na damu hiyo haipendi joto. Tunawasha mafeni na kuwanyunyizia maji, vinginevyo wanasimama wakihema na maziwa ya jioni yanapungua waziwazi. Neti za mbu zinazozungushiwa mabanda ya huku zilienea mwaka 2021, ugonjwa wa mapele ngozi ulipoingia Thailand kwa mara ya kwanza. Ni ugonjwa uliotambuliwa kwanza Zambia mwaka 1929, unaoenezwa na wadudu wanaouma. Tulikuwa tunaamka usiku kupapasa ngozi za ng'ombe kwa tochi. Chanjo ilipokuja baba mkwe alilia, na sijawahi kumwona akilia tena.

Saa tisa alasiri

Kukamua tena, kupeleka tena. Keni mbili safari hii.

Saa kumi na moja jioni

Mhimilishaji kafika na mtungi wake wa baridi. Anaingiza mkono, anatafuta njia taratibu, na kazi inakwisha upesi kuliko ilivyochukua kumfunga mtamba. Kabla ya kuondoka akamwangalia Bua, akasema dawa tuliyomchagulia inafaa, na akahesabu siku za kutopeleka maziwa yake. Mume akaziandika ubaoni kwa wino mwekundu ili mtu yeyote wa nyumbani asikosee.

Saa kumi na mbili na nusu jioni

Hili huwashangaza sana wageni: katika nyumba hii inayotoa maziwa kutwa mara mbili, jikoni hakuna chakula kinachopikwa kwa maziwa ya ng'ombe. Maziwa ya jikoni ni tui la nazi. Kama Tanga kabisa. Mae anakaa kwenye mbuzi anakuna, anakamua tui zito peke yake na jepesi peke yake. Leo ni mchuzi wa kijani wa kuku, wenye mchaichai, majani ya mndimu na bilinganya ndogo za mviringo.

Tofauti yetu ipo kwenye moto. Mama yangu alinifundisha kukoroga tui bila kuacha ili lisikatike, na lililokatika lilikuwa aibu ya mpishi. Mae anataka likatike. Anachemsha tui zito peke yake mpaka mafuta yajitenge juu, yanang'aa, ndipo anatia viungo vilivyosagwa na kuvikaanga kwenye mafuta hayo hayo ya nazi. Harufu inayotoka hapo inawaita watoto kutoka barabarani. Kuku anafuata, kisha tui jepesi. Siku hizi samaki wangu wa nazi napika kwa njia zote mbili, kutegemea nani yuko mezani.

Saa tatu usiku

Huku ni saa tatu usiku, Muheza ni saa kumi na moja jioni. Nampigia baba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Ng'ombe hawajambo?"

Ndivyo anavyoanza siku zote. Nikamweleza habari za Bua, naye akanieleza za kwake wawili. Jokofu la kituo anachopeleka maziwa limeharibika, na maziwa ya jioni hayapokelewi. Ya jana kawauzia majirani, yaliyobaki mama kagandisha mtindi. Inaniuma, kwa sababu baba yangu anajua ng'ombe kuliko wengi wa foleni yetu hapa. Maziwa yake ni safi. Kinachomkwamisha kiko nje ya banda lake.

Nikamwambia kuhusu Pakchong, kwamba vipando vyake vimeshafika hata Kenya na anaweza kuagiza, shamba dogo tu likatosha ng'ombe wake wote wawili. Akanisikiliza mpaka mwisho, kama kawaida yake.

"Majani mazuri hayo," akasema. "Nitayapanda. Lakini yataniongezea maziwa, na maziwa ya jioni sina pa kuyapeleka. Niulizie kwanza, hilo tangi lenu la baridi, la kituo kidogo kabisa, linachukua lita ngapi na linatumia umeme kiasi gani?"

Nimeandika maswali yake yote mawili. Asubuhi nikifika kituoni namuuliza yule kijana wa upawa.