Nilivyoweza kupiga kazi ya injini za boti kwenye jangwa la Turkana

Mimi fundi injini za boti, nipo Mwaloni Kirumba, Mwanza, kuna kipindi nliitwa kazi Kalokol kwenye Ziwa Turkana kaskazini mwa Kenya. Sisi wa kanda ya ziwa ukisikia ziwa unawaza migomba na mvua, aisee kule ziwa liko jangwani kabisa, mchanga na mawe mpaka kwenye maji. Mwanza tunapata kama milimita 1000 za mvua kwa mwaka, mji wa Lodwar pale jirani na Kalokol ni kama 200 tu, na joto la nyuzi 35 ni la kila siku.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni kuusoma upepo. Huku kwetu asubuhi ziwa limetulia af mchana ndo mawimbi yanaanza, kule ni kinyume, upepo unapiga usiku kucha hadi asubuhi, mchana ndo unapungua. Unabanwa kati ya milima ya Ethiopia na nyanda za juu za Kenya ndo maana una kasi vile, na unapita na unyevu wake bila kuuangusha, hapo ndo ukame wenyewe unapotokea. Ng'ambo, upande wa Loiyangalani, wamefunga mitambo 365 ya umeme wa upepo, basi fikiria. Kwa hiyo nkageuza ratiba, asubuhi nafungua injini ndani nimeziba madirisha kwa turubai, maana mchanga ukiingia kwenye kabureta umekwisha, kujaribu boti majini nafanya alasiri.

Maji sasa. Lile ziwa halina mto unaotoka, maji yanapungua kwa kukaushwa na jua tu, so yamebaki na chumvichumvi na magadi, hayakati kiu. Wenyeji wanafukua mchanga wa mto mkavu wanapata maji safi, nawaheshimu sana kwa hilo. Jasho lenyewe linakauka hata hujaliona, unadhani uko sawa kumbe mwili unaisha maji. Mama niliyekua nakula kwake alikua ananisimamia kabisa, "kijana, kunywa maji ata kama huskii kiu", na nlikua nakunywa.

Af usilale kwenye mto mkavu hata kama mbingu nyeupe, mito ya kule inaanzia mbali milimani, mvua ikinyesha huko juu maji yanakukuta umelala.

Fundi yeyote akiitwa huko aende, sangara wapo wengi na boti zinahitaji watu, abebe turubai, chujio za mafuta za kutosha na dumu lake la maji.