Baba alipoanguka mlangoni

Alfajiri ya Jumanne baba aliamka kwenda msalani. Nikasikia kishindo. Nilimkuta kakaa sakafuni, mgongo kwenye fremu ya mlango, kandambili moja mguuni. "Mwanangu, nimeona giza tu," akasema. Majirani hapa Pasua, Moshi, walishaamua ni mbege, pombe yetu ya ndizi. Ini lake limeharibiwa na homa ya ini aina ya B, na mbege hajagusa tangu nikiwa shule ya msingi, lakini nani asikilize?

Nilimpima presha: amelala 98 kwa 60, amesimama 78 kwa 50. Daktari akanichorea nyuma ya bahasha ya dawa. Ini likijaa makovu, damu inayotoka kwenye utumbo kwenda kwenye ini inapita kwa shida. Mishipa ya tumboni hutanuka, damu nyingi inabaki huko, presha ya mwili inashuka. Figo nazo zinadhani mwili umekauka, zinashikilia chumvi na maji, ndiyo maana tumbo limekuwa kama ngoma. Ongeza vidonge vya kukojoa na propranololi, dawa inayopunguza kasi ya moyo na presha, mtu akisimama ghafla anaona giza.

Akapunguza dozi, akaagiza vipimo vya damu na figo. Swali aliloniuliza mara tatu: choo ni cheusi kama lami? Maana kuzimia kunaweza kuwa damu inavuja ndani, na hapo hakuna kusubiri kukuche.

Sasa baba hukaa kwanza ukingoni mwa kitanda, miguu chini, anahesabu hadi mia kwa Kichaga. Akifika sitini ananiita nimtafutie kandambili.