Kikombe cha ngozi: nilivyofufua bunduki ya upepo ya mtindo wa 1905

Mzee mmoja anayekusanya bunduki za kale aliniwekea mezani bunduki ya upepo iliyoviringishwa kwenye blanketi. "Ipime utakavyo, mwanangu," aliniambia, "ila ukisugua kutu hata kidogo, usinirudishie." Haikuwa imepiga kwa miaka mingi. Ukiikoki na kufyatua ilitoa mkoromo tu, na risasi ilibaki palepale.

Ni mtindo wa George Lincoln Jeffries wa Birmingham, Uingereza, aliyepata hataza yake mwaka 1904. BSA, kampuni ya silaha ya mji huohuo, wakaanza kuiunda mwaka uliofuata. Kilichonivutia ni kwamba mtutu wake haukunjiki. Umekazwa, na chini yake kuna wenzo unaolala sambamba nao. Ukiuvuta, pistoni hurudi nyuma na kubana springi mpaka inaswe na triga. Risasi hupita kwenye bilula, na neno hilo silitumii kwa mfano: ni kijiti cha chuma kinachosinyaa kuelekea ncha moja, kimetobolewa katikati, kinazunguka ndani ya kiota chake kama koki ya maji. Ukikigeuza, tundu hutazama juu, unadumbukiza risasi kichwa chini (hizi za upepo kweli zimetengenezwa kwa madini ya risasi), unakirudisha, na tundu linapangana na mtutu. Wanaounda bunduki za wenzo wa chini siku hizi wengi wameacha bilula. HW77 ya kampuni ya Kijerumani ya Weihrauch, iliyotoka miaka ya 1980, husogeza silinda nzima nyuma ili uweke risasi moja kwa moja kwenye mdomo wa nyuma wa mtutu. Ni bora, nakubali. Lakini kugeuza bilula kuna raha yake, na wenzangu wa shabaha walitaka raha hiyohiyo katika bunduki isiyo na umri wa babu zao.

Basi nikaazimia kuunda mpya kwa vipimo vya ile ya zamani. Kibali kilitangulia chuma. Sheria za bunduki za upepo hazifanani: Ujerumani bunduki isiyohitaji leseni ya umiliki haizidi nishati ya jouli 7.5, ilhali England mpaka ni futi-pauni 12, kama jouli 16. Ukikosea nguvu kwa makusudi au kwa uzembe, kesi ni ileile.

Kuitoa springi ya zamani kulinichukua asubuhi nzima kwa sababu niliogopa, na nilifanya vizuri kuogopa. Springi ile hukaa imebanwa hata bunduki ikiwa haijakokiwa, na ukifungua kizibo cha nyuma bila kibanio inakurukia usoni. Niliunda kibanio cha mbao chenye skrubu ndefu, nikaifungua zamu kwa zamu mpaka ikatulia. Mbele ya pistoni nikakuta ugonjwa wenyewe: wosha ya ngozi inayozuia hewa isivuje, ngumu kama ganda la mti, imepasuka ukingoni. Nikaichora, nikairudisha ilipokuwa.

Silinda, pistoni na mtutu havikunisumbua. Kazi ya kukereza ni subira tu. Bilula ndiyo iliyoninyima usingizi. Ili isivuje lazima uisage ndani ya kiota chake kwa unga laini uliochanganywa na mafuta, ukigeuza kushoto na kulia, ukifuta, ukitazama inapong'aa. Mimi nilinogewa. Kwa vile imesinyaa upande mmoja, kila unapoisaga inazama ndani zaidi, na tundu lake linazama nayo. Nilipojaribu kupiga, kundi langu la risasi kumi kwa mita ishirini lilikuwa pana kama sahani. Nikamulika kwa tochi kwenye mdomo wa nyuma wa mtutu: vipande vyembamba vya risasi, kama kucha zilizokatwa, vimeng'ang'ania ukingo wa upande mmoja. Tundu lilikuwa limepishana na mtutu kwa chini ya nusu milimita, na kila risasi ilikuwa inachunwa ubavu ikipita. Bilula ile sasa inashikilia karatasi mezani kwangu. Ya pili niliisaga kwanza, tundu nikalitoboa mwisho.

Halafu wosha. Kiburi cha kisasa kilinifanya nianze na ya plastiki. Kwenye silinda yenye mfereji wa wenzo, wosha ya plastiki lazima ipite juu ya kingo za mfereji wakati wa kuunganisha, na yangu ilikwaruzika hapohapo. Kipima mwendo kilionyesha tofauti ya mita 15 kwa sekunde kati ya risasi moja na nyingine. Ningeweza kulainisha kingo na kung'arisha silinda kama kioo, ila nilikumbuka kwamba muundo huu ulibuniwa kwa ngozi, na ngozi husamehe. Nikarudi kwenye ngozi.

Ya kwanza niliikata kwenye ngozi laini ya mkoba. Ilijikunja kama soksi. Inatakiwa ngozi nene iliyotengenezwa kwa magome ya miti, ngumu ikiwa kavu. Unailoweka maji, unaibana katika kalibu ipate umbo la kikombe, unaiacha ikauke humo, unapunguza ukingo kwa wembe, kisha unainywesha mafuta. Hewa ikibanwa, inausukuma ukingo wa kikombe ukutani, kwa hiyo kadiri shinikizo linavyopanda ndivyo inavyoziba. Mafuta niliyazidisha: risasi tano za kwanza zilitoka kwa mlio wa bunduki ya baruti, na moshi wa bluu ukachungulia mtutuni. Hewa iliyobanwa ghafla huwa moto kiasi cha kuwasha mafuta, kama ndani ya injini ya dizeli. Baada ya risasi thelathini hivi moshi ukaisha, na mwendo ukatulia kwenye mita 145 kwa sekunde, tofauti isiyozidi tatu. Kwa risasi ya kipenyo cha milimita 5.5 yenye uzito wa gramu 0.95 hiyo ni kama jouli 10. Inatosha kwa shabaha, na iko chini ya kibali changu.

Nilichokiboresha hakionekani: springi ya waya wa kisasa, na kiongozi cha plastiki ndani yake kinachonyamazisha ule mtetemo wa kinanda. Wenzangu walitaka na reli ya darubini juu. Niliwakatalia. Chini ya kitako nikagonga mwaka nilioiunda kwa herufi za chuma, kwa kina, maana najua mtu anaweza kuizeesha kwa siki na kuiuza kama ya 1905.

Mzee alikuja kuichukua yake. Akapiga ile mpya mara saba bila neno, akigeuza bilula kwa dole gumba taratibu. Kisha akafungua blanketi, akaitazama ya kwake kwa muda.

"Kile kikombe," akasema, "unaweza kunitengenezea kimoja? Nje usiguse."

"Nje sigusi, mzee."

"Na mafuta usizidishe."